Punda akifa, mzigo haufiki

"Punda afe, mzigo wa bwana ufike." Ndio msemo nilioondoka nao kichwani mara ya kwanza niliposafiri kwa farasi peke yangu. Siku ya tatu nikajikuta nimekaa vumbini, kiwiko kimechubuka, tandiko linaning'inia chini ya tumbo la farasi, naye amesimama ananitazama kama anayesubiri maelezo.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Farasi wengi ukiwatandika hutunisha kifua. Ukikaza mkanda wa tumbo wakati huo ukaridhika, umekaza pumzi. Akishaishusha, mkanda unalegea, na wewe ndiyo kwanza unatia mguu kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia, uzito wote upande mmoja. Nilishafundishwa: kaza, mtembeze kidogo, kaza tena, na ukishapanda ukaenda kama dakika kumi, angalia kwa mara nyingine. Asubuhi ile nilikuwa na haraka. Haraka ya nini, mpaka leo sijui, maana hakuna aliyekuwa akiningoja.

Nyinyi mnaoanza, lijueni hili mapema. Ukisafiri na wenzako, yupo wa kukwambia mkanda wako umelegea, au una hasira, au leo inatosha. Ukiwa peke yako, mwenye habari zako ni huyo uliyempanda, na yeye hana maneno.

Kumwendea kwenyewe kuna adabu yake. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote, kama nyuzi 350 hivi. Sehemu mbili tu zimemfichika: nyuma ya mkia, na mbele kabisa ya kipaji cha uso. Sasa mgeni kwa mapenzi yake hunyoosha mkono moja kwa moja kwenye kipaji, mkono unapotea machoni pa farasi halafu unamgusa ghafla. Mwendee kwa upande wa bega, ukisema chochote. Farasi naye hupigwa hodi. Nimeichukua tabia hiyo hata kwa watu: nikifika mahali nisipojulikana, nasimama kwa mbali, naonekana kwanza, nasalimu, nasubiri. Nimepata maji na pa kulala kwa njia hiyo mara nyingi kuliko kwa maelezo marefu.

Utasikia pia kwamba farasi hujua hatari kabla yako, umwamini tu. Mimi sikubali hivyo kirahisi. Wangu alikataa kupita mbele ya mfuko mweupe wa plastiki ulionasa kwenye kichaka, akatetemeka kama ameona simba. Kesho yake akatembea kwa raha zake kuelekea waya uliolala kwenye nyasi, nikamzuia kwa bahati. Anachojua kweli ni hali yako. Siku ya mfuko nilimpiga visigino, nikavuta hatamu, akazidi kurudi nyuma. Nilipotazama mikono yangu nikakuta vidole vimekaza mpaka vimekuwa vyeupe. Yeye aliogopa mfuko, kisha akaona na mimi naogopa, basi akapata ushahidi. Nikalegeza vidole, nikashusha pumzi ndefu, nikamwacha autazame. Masikio yote mawili yakaelekea kichakani, akainamisha kichwa, akapiga chafya, akapita. Tangu hapo mikono yangu kwenye hatamu ndiyo inayoniambia nimechoka au nina hofu, kabla kichwa hakijakubali.

Kuhusu hesabu ya siku, wengi hukosea hapa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Farasi kwa mwendo wa kawaida huenda kama kilomita 6 kwa saa, na mtu anaona, basi kwa saa 10 nitafika kilomita 60. Hutafika, au utafika leo na kesho usiondoke. Panga 30, na uzipunguze kwenye milima. Farasi wa kilo 400 anahitaji kama kilo 8 za majani makavu kwa siku, na kuyatafuna ni kazi ya saa nyingi; maji hunywa lita 30 au zaidi, na joto likipanda huongezeka sana. Tena hawezi kutapika. Kilichoingia kibaya kinabaki humo, na msokoto wa tumbo huua. Kwa hiyo ramani isome kutoka maji hadi maji, miji baadaye.

Fika jua lingali juu. Mtandue, mpe maji, kisha pitisha kiganja mgongoni taratibu: kunjo moja ya blanketi chini ya tandiko, nyembamba kama kamba ya kiatu, inatosha kumtoa kidonda. Inua kila mguu usafishe ukwato, uangalie pembeni mwa ile sehemu laini ya pembetatu katikati. Kijiwe hupenda kujificha pale. Wewe utakula baadaye. Hutaki, ndiyo, lakini ndivyo.

Mswisi Aimé Tschiffely alitoka Buenos Aires mwaka 1925 na farasi wawili, Mancha na Gato, akafika New York mwaka 1928. Watu husifu umbali. Mimi husifu kwamba Gato alipoumia Meksiko hakumlazimisha kutembea, akaendelea kwa muda na Mancha peke yake. Wote wawili walirudi Argentina, wakafa wazee miaka ya 1940.

Mengine ni mafupi. Vaa kofia ngumu. Vaa kiatu chenye kisigino, mguu usipenye kikuku ukanasa. Kamba usiizungushe mkononi hata mara moja. Simu iwe mwilini mwako, kamwe isiwe kwenye mfuko wa tandiko, kwa sababu siku farasi atakapokukimbia, ataondoka nayo. Na awepo mtu mmoja anayejua leo unalala wapi.

Upweke? Upo, na usidhani farasi ameupokea ili akuliwaze. Yeye ni mnyama wa kundi. Umemtoa kwa wenzake, naye yuko peke yake vilevile. Husinzia akiwa amesimama, lakini usingizi mzito humtaka alale chini, na halali chini mahali asipopaamini. Usiku nane mfululizo wangu alisimama. Usiku wa tisa nikasikia kishindo, nikatoka hemani na tochi, moyo mkononi, najua tumbo limemsokota. Nikamkuta amelala ubavu, miguu ameinyoosha, anakoroma. Nikazima tochi.