Kabla hujasema njia fulani ya kupaka ni bora

Wewe unayeanza na tando zinazobadilika rangi kwa umeme, nikuanzie na aibu yangu. Nilikuwa na vioo viwili vilivyopakwa utando wa oksidi ya tungsteni. Kimoja nilikidondoshea myeyusho nikakizungusha kwa kasi. Kingine kilitoka kwenye mashine ya ombwe, ile inayobandua atomu kwa plasma zikatue kwenye kioo. Cha ombwe kiliiva buluu, changu kikapauka kama shati lililofuliwa mno. Nikasimama mbele ya wenzangu kuisifu ombwe. Fundi wa maabara akauliza tu: "Unene je?" Sikuwa nimepima. Baadaye tukakuta cha ombwe kina nanomita 300, changu 110.

Utando mnene humeza ioni nyingi zaidi za lithi, na buluu inatokana na ioni hizo kuingia pamoja na elektroni. Kwa hiyo linganisha rangi kwa chaji iliyotumika. Mwanga unaopita ukishuka kutoka asilimia 80 hadi 20, 80 gawanya kwa 20 ni 4, na logi yake ya msingi wa 10 ni 0.6. Kama uliingiza milikulombi 15 kwa kila sentimita mraba, gawanya 0.6 kwa chaji hiyo: umepata ufanisi wa rangi wa sentimita mraba 40 kwa kulombi. Nilipopiga hesabu hiyo, vioo vyangu vilikuwa karibu sawa.

Sisemi njia ya kupaka haina maana. Ina maana kubwa, ila athari yake hupitia vinyweleo na fuwele. Hata ndani ya ombwe, ukiongeza shinikizo la gesi, atomu hugongana njiani, hufika zimechoka, na utando hukua na nafasi nyingi. Ioni hupita upesi, lakini utando wa namna hiyo ni dhaifu zaidi. Ukishusha shinikizo, hushikamana na rangi huja polepole.

Tanuri nalo linaweza kukudanganya. Chukua chupa ileile ya myeyusho, choma kioo kimoja kwa nyuzi 200 na kingine kwa 450. Utando wa kwanza hubaki bila fuwele: huingiza ioni kirahisi, ila ukiujaribu kwenye asidi ya salfa huyeyuka taratibu. Wa pili una fuwele, huvumilia zaidi, na mara nyingi huwa mzito kubadilika. Ukilinganisha wa kuzungusha uliochomwa na wa ombwe usiochomwa, umelinganisha matanuri.

Kwa wanaopaka kwa kuchovya kioo kwenye myeyusho: ukivuta kioo haraka zaidi, utando huwa mnene zaidi. Wageni wengi hudhani kinyume, nami nilidhani hivyo. Kwenye kuzungusha ndiyo kasi hupunguza unene.

Kupima unene, bandika utepe ukingoni kabla ya kupaka, kisha ubandue upate ngazi, ambayo kimo chake ndicho unene. Ubandue kabla ya tanuri, maana gundi ikiungua pale haitoki.