Fundi anataka milioni 2 na ushee za gata, hesabu imekaaje?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nipo Bukoba, Kashai, nimejenga nyumba ya familia mita 12 kwa 10, bati lishapigwa, paa linamwaga maji pande zote nne na bati limetokeza sentimita 60 kila upande. Mvua ikinyesha udongo unarukia ukutani mpaka rangi ya chini yote imekuwa nyekundu na pembeni ya baraza pameanza kuchimbika. Nikaita fundi akaniandikia kwenye karatasi: gata (mifereji ya kukinga maji pembeni ya paa) za PVC, yaani plastiki, za mita 4 pisi 20, breketi (vishikio vya gata) 45, mabomba ya kushusha maji mawili, ufundi laki 6, jumla 2,350,000. Nikimuuliza kila kitu kinauzwaje anasema dada we niachie mimi. Hiyo ni bei halali au napigwa? Na tanki ninunue la lita ngapi?

JIBU: Marahaba dada, na hongera kwa mjengo. Kwanza usikubali bei ya "nyumba nzima", gata inahesabiwa kwa mita, na mita zako unaweza kuzipima mwenyewe na futi kamba saa hizi hizi kabla hujamaliza kusoma.

Nyumba ni 12 kwa 10 lakini gata haikai ukutani, inakaa kwenye ncha ya paa, kwahiyo ongeza hizo sentimita 60 kila upande unapata 13.2 kwa 11.2. Zungusha zote nne: mita 48.8. Gawa kwa pisi ya mita 4 unapata pisi 13, na hizo 13 zinatosha kweli maana vile vipande vinavyobaki upande mmoja vinaenda kumalizia upande mwingine. Mpe na moja ya dharura, 14. Sasa huyu bwana kaandika 20! Pisi 20 ni mita 80 za gata, labda anataka kuvalisha na nyumba ya jirani. Hata kama dukani zingekuwepo za mita 3 tu usingevuka 17.

Ila mimi kilichonishtua zaidi sio hizo pisi, ni breketi. Breketi 45 kwenye mita 48.8 maana yake anaziweka kila baada ya mita moja na zaidi. Gata ya upana wa sentimita 11 ikijaa maji inabeba karibu kilo 5 kwa kila mita, na kwenye mvua ya huko kwenu, mji unaopata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, itajaa sana tu. Breketi zikiwa mbalimbali gata inabonyea katikati, maji yanatuama pale, majani yanaozea pale, mbu wanazaliana pale, na siku moja kipande kizima kinashuka na misumari yake. Mwambie kila sentimita 60, yaani breketi 82, nunua 85. Kwahiyo karatasi yako ina vitu vilivyozidi mahali pa bei kubwa na vilivyopungua mahali pa kazi, na ndo maana hataki kuchanganua.

Mabomba mawili nayo hapana. Piga hesabu hivi: milimita moja ya mvua ikidondoka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa lako ukilipima kwa chini (usipime mteremko wa bati, pima kivuli chake) ni kama mita za mraba 148. Mvua kali ikishuka kwa kasi ya milimita 100 kwa saa unashusha lita 14,800 kwa saa, karibu lita 247 kila dakika. Ukizipitisha kwenye mabomba mawili gata itafurika mbele ya mlango wako na utasema gata mbovu wakati njia ya kutokea ndo ndogo. Weka manne, moja kila kona.

Ufundi laki 6 ukigawa kwa mita 48.8 ni kama 12,300 kwa mita. Usiniulize mimi kama ni kubwa, waite mafundi wengine wawili, uwaulize swali moja tu, "mita moja unafunga shilingi ngapi, vifaa nanunua mimi", halafu linganisha. Na vifaa nenda mwenyewe dukani, uliza bei ya gata, breketi, kiungio (kwako vinatakiwa 10), kona 4, midomo ya kutolea maji, elbo (vipande vya kupindisha bomba) na silikoni ya kuziba maungio. Hizo ndogondogo usizidharau, watu wanapigia hesabu pisi tu halafu wanashangaa hela imeishia kwenye viungio na elbo.

Kitu ambacho kwenye karatasi hakipo kabisa ni fishabodi. Kama ile mbao ya pembeni ya kenchi haijapakwa rangi au imeanza kuoza, shughulikia hiyo kwanza, maana breketi haina kingine cha kushikilia. Ichomeke bisibisi sehemu mbili tatu, ikizama kama kwenye ndizi mbivu usifunge gata juu yake. Na rangi ipigwe KABLA ya gata, fundi rangi akija baadaye nyuma ya gata hafiki.

Siku ya kufunga mwambie avute uzi. Mteremko ni sentimita 1 kwa kila mita 3 kuelekea kwenye bomba, ukisimama chini unaona kama imenyooka lakini maji yenyewe yanajua njia. Akianza kukisia kwa macho msimamishe.

Kama hela haitoshi kuna njia ya fundi bati. Bati la plau (lile bapa lisilo na migongo) la futi 8 kwa 4 linakatwa vipande vinne vya urefu, kila kimoja upana wa kama sentimita 30, anavikunja, anavipandanisha na kuvipiga riveti. Kwako ni vipande 21, yaani mabati 6. Mara nyingi inatoka nafuu kuliko PVC ila kutu inaanzia kwenye maungio, na akate kwa mkasi wa bati, grinda inaunguza ile kinga ya juu na ukingo unaanza kuliwa na kutu mapema. Au funga kwa awamu, anza upande wa mlangoni na upande wa tanki, hizo nyingine zisubiri msimu ujao, hakuna aliyekufa.

Tanki sasa. Mvua ya milimita 20, ambayo huko ni ya kawaida tu, inakupa lita 2,960 juu ya paa, toa moja ya tano inayopotea, unabaki na 2,300 na kitu. Tanki la lita 2,000 linajaa kwa mvua moja na zinazofuata zote zinakwenda kwenye migomba, sio mbaya kwa migomba. Ukiweza weka la 5,000, Julai hadi Agosti mvua ikipungua utanishukuru. Ila 5,000 ni tani 5, jenga kitako cha zege, usiweke juu ya matofali mawili matatu. Na maji ya dakika za mwanzo yamwage, yana vumbi na kinyesi cha ndege.

SWALI: Habari ya huko. Niko Kericho na huku mvua ya mawe si mgeni. Gata zangu za plastiki zimepasuka tena. Niweke za mabati ama nivumilie tu?

JIBU: Usivumilie. Plastiki ikipigwa na jua miaka kadhaa inakakamaa, jiwe la kwanza likigonga inapasuka. Bati litabonyea lakini litaendelea kupitisha maji. Chukua la geji (namba ya unene) 28, ukipata 26 ni bora zaidi, namba ikipungua bati linanenepa, dukani wengine wanadanganywa kinyume. Tundu la kushukia liwe pana, yale mawe yakijazana mdomoni maji hayapiti mpaka yayeyuke. Na ukingo wa mbele wa gata ukae chini kidogo ya mstari wa paa ili mengine yaruke yaende zake.

SWALI: Niko Tanga, nyumba yangu ni ya kontemporari, paa la kuficha, gata ni ya zege. Fundi anasema haihitaji gharama nyingine. Kweli?

JIBU: Sio kweli. Hiyo ndo gata ya gharama kuliko zote, ikivuja inavujia ndani. Inataka mteremko, dawa ya kuzuia maji mpaka kwenye kuta za pembeni, na tundu la dharura lililo juu kidogo ya lile la kawaida ili la kawaida likiziba maji yatokee nje. Kabla hujafunga dari la jipsamu, ziba matundu yote, jaza maji, yalale usiku mzima, asubuhi uangalie zege kwa chini. Pakiwa na unyevu mwite arudie kabla hujamalizia kumlipa.