Bloga mpya wa Tanga, kabla hujarusha linki yako kwenye grupu

Wadogo zangu mnaoanza blogu hapa Tanga mjini, na nyie wa Muheza, Pangani na Korogwe, swali lenu kubwa huwa ni moja tu, niingie magrupu gani ili watu wanijue. Jibu langu wengi hawalipendi. Grupu halikuletei wasomaji, linakukutanisha na watu wachache mnaokuja kujuana vizuri, na hao wachache ndo watakaokuvusha, mmoja atakutengenezea blogu yako iliyogoma kufunguka usiku wa manane, mwingine atakutaja kwa mhariri anayetafuta mwandishi wa huku kwetu, mwingine atakusomea kazi kabla hujaitoa akwambie hapa umechapia. Ukiingia kusaka vyuu, yaani idadi ya waliofungua blogu yako, utachoka mapema, na wenyeji watakuchoka kabla yako.

Mambo haya ya kuchati makundi makundi si mapya jamani. IRC, ile babu yao wote, ilitengenezwa Finland mwaka 1988, mwaka uleule Wagosi wa Kaya wetu Coastal Union walipochukua ubingwa wa ligi (sijui kipi kimezeeka zaidi, tuyaache hayo). Na blogu za Kiswahili zenyewe zilikua kwa kujuana, Ndesanjo Macha na Jikomboe yake aliwavuta wenzie wengi waandike, Issa Michuzi akaanza ya kwake 2005, enzi zile watu walikuwa wanatembeleana na kuachiana maoni, anayekujibu leo kesho unaenda kwake. Hakukuwa na WhatsApp, hiyo imekuja 2009. Vyombo vimebadilika ila watu ni walewale.

Sasa kosa ninaloliona sana kwa wageni ni kujaza simu magrupu ya mabloga watupu. Grupu la mabloga lina kazi yake, utajifunza mambo ya template (muonekano wa blogu), domeini (anwani yake), picha zinazofanya blogu iwe nzito, sawa, joini moja au mawili. Lakini mle kila mtu anauza hakuna anayenunua. Wewe tafuta grupu la watu wanaoishi kile unachokiandika. Unaandika mpira, nenda walipo mashabiki wa Coastal na wa African Sports, sikiliza matusi yao baada ya mechi ya Mkwakwani, mle ndo kuna stori. Unaandika kilimo, kuna wakulima wa machungwa Muheza na watu wa mkonge. Unaandika bahari, tafuta wavuvi, na hapa nikupe mfano unaoeleweka. Silikanti, yule samaki wa kale ambaye dunia nzima ilidhani ametoweka mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini 1938, huku kwetu alianza kunaswa sana miaka ya 2003 na kuendelea, mpaka ikatangazwa hifadhi yake ya bahari 2009. Ukisoma mtandaoni utapata hayo tu, na kila bloga ameyaandika hayohayo. Lakini ukiwa na wavuvi watakwambia habari ya jarife, zile nyavu za papa zinazotegwa maji marefu, ndo zinazomnasa huko chini, na mtabishana, na mwingine ataleta picha ya zamani ya shemeji yake kashika samaki. Hiyo posti hakuna mtu wa Dar atakayeiandika akiwa kwake kakaa.

Ukishaingia, tulia. Ni kama kijiwe cha kahawa pale Ngamiani, hufiki tu ukaanza kumwaga habari zako, unasalimia, unakaa, unapokea kikombe, unasikiliza wanabishana nini, ndo baadae unachomekea neno lako. Soma maelezo ya grupu, yale admini kaweka juu kabisa na watu hawayasomi. Kama ni Telegram na admini karuhusu, panda juu usome ya miezi iliyopita, utajua nani anaheshimiwa, nani mchokozi tu, nani akiandika watu wanakaa kimya, swali lipi limeshaulizwa mpaka watu wamelichoka. Na ukubwa usikubabaishe, grupu la WhatsApp linachukua watu 1,024 na la Telegram mpaka 200,000, ila humo wanaoongea kila siku ni haohao wachache, wengine wote wanachungulia kama wewe.

Kujitambulisha sasa. Hii nimeiona mara nyingi mno, mtu kaadiwa saa mbili, saa mbili na dakika moja karusha: "Habari wakuu, nimepost mpya humu 👇👇 pitieni mnisapoti." Linki, emoji za moto, kwisha. Hajui hata grupu linahusu nini. Admini mpole atamwambia, admini mkali anamtoa tu na wala simlaumu. Linganisha na huyu: "Assalaam aleikum, habari zenu ndugu zangu, naitwa fulani, nipo Makorora, naandika habari za vyakula vya mwambao, nimeingia kujifunza zaidi maana kuna mapishi ya bibi zetu sijayapata kwa mtu. Shikamooni wakubwa." Hajaweka linki kabisa. Unajua kitakachotokea? Kuna shangazi mmoja humo atauliza, mapishi gani mwanangu, na mwingine atasema lete hiyo blogu yako tuione. Sasa hapo ndo unaweka linki, umeombwa.

Halafu jibu maswali. Hili ndo lenyewe hasa na ndo watu wanaliruka kwa sababu halina haraka. Mtu kauliza kwenye grupu la safari, jamani nina wageni wikiendi nataka niwapeleke Amboni, naanzaje. Bloga wa kawaida atatupa linki ya posti yake ya mapango, "yote yapo humu". Wewe mjibu palepale: ni kama kilomita 8 kutoka mjini, ushike njia ya Horohoro inayoenda Mombasa, waambie wageni wavae viatu vinavyoshika, sio ndala, ndani ni giza kwa hiyo tochi muhimu, na mchukue muongozaji msiingie wenyewe, kama kuna mzee wa magoti mabovu zipo sehemu za kuinama mwambieni mapema. Basi, mtu kasaidika. Asipojua una blogu haina neno, kesho kutwa akirudi kushukuru na picha zake atauliza wewe unafanya shughuli gani, na wale wengine walokuwa wanasoma kimya wameshakuweka kichwani kuwa huyu wa Tanga anajua vitu. Fanya hivyo muda mrefu bila kuhesabu. Mtu anayehesabu amesaidia wangapi hujulikana tu, anaanza kulalamika mbona mimi hamnisapoti.

Nije kwenye magrupu ya nipitie nikupitie, maana haya yananikera, nisiseme uongo. Yapo mengi, sheria yake unaweka linki yako, unafungua za wenzio wote, mnapeana vyuu, mengine yanaenda mbali mnabofyeana na matangazo kabisa. Kwanza huyo anayekupitia hasomi, anafungua anahesabu sekunde anafunga, kesho ukiandika juu ya maji kukatika mtaani kwenu au ukiandika upuuzi kwake ni sawasawa. Pili kama una AdSense, yale matangazo ya Google yanayokulipa, hiyo ya kubofyeana matangazo ni kosa kwa sheria za Google zenyewe, wanaita mibofyo batili, wanakukata hela au wanafunga akaunti, na kumbuka hela yenyewe hutoki nayo mpaka ufikishe dola 100, kwa hiyo utahangaika miezi unakaribia kufika wanakufungia. Nani utamlilia? Tatu, wapo wanaodhani ukimwaga linki kwenye magrupu mengi basi Google itakupandisha. Google haiingii ndani ya grupu la WhatsApp lililofungwa, haioni hiyo linki kabisa. Hata zile za kwenye maoni ya tovuti nyingi huwa zimewekwa alama ya nofollow, ya kuiambia Google isizihesabu, kitu kilichoanza 2005 kwa ajili hiyohiyo ya watu waliokuwa wanamwaga linki ovyo. Kwa hiyo hicho unachokimwaga ni bando lako tu.

Uhusiano wenyewe unazaliwa inboksi, ila usiende inboksi mapema na usiende mikono mitupu. "Mambo, naomba tujuane" hilo halijibiwi, hasa ukimwandikia dada, ataona walewale. Enda na kitu: "Kaka habari za kazi, jana umeeleza vizuri sana kuhusu kupunguza ukubwa wa picha, nimejaribu kwangu blogu imekuwa nyepesi kweli. Nimeona kwenye ile posti yako ya Pangani picha ya pili haifunguki kwenye simu, nikaona nikwambie huku pembeni." Ona hapo, umemshukuru kwa kitu chenye jina, umeonyesha umesoma kazi yake mpaka chini, na umemsitiri hukumuumbua mbele za watu. Huyo atakujibu. Na kama ni mtu mzima anza na shikamoo hata kama dipii yake kaweka katuni, huku kwetu umri haujafutwa na intaneti. Voisi noti ndefu kwa mtu mliyejuana juzi hapana, mtu yuko kwenye daladala atasikilizaje.

Wale wa mambo ya ufundi mtaishia Discord, programu nyingine ya kuchati kwa magrupu, maana magrupu mengi ya watengeneza tovuti na waandishi wa nje yako huko, Kiingereza kinatumika ila msiogope, wenyewe nao wengi si lugha yao. Angalia saa tu. Kwa watu wa New York saa mbili asubuhi huku kwetu ni saa tisa au saa kumi alasiri kutegemea na msimu wao, kwa hiyo ukiuliza asubuhi ya Tanga ukaona kimya usinune, wamelala. Uliza swali lote kwa mara moja, umefanya nini, imetokea nini, weka na skrinshoti, usiandike "hi" halafu ukasubiri uitikiwe.

Usalama kidogo. Kwenye grupu la WhatsApp namba yako inaonekana na kila mtu, kwa hiyo kama unaweza sajili laini nyingine ya kazi, Telegram angalau unaweza kuificha namba ukabaki na jina. Ingia kwenye faragha uchague anayeruhusiwa kukuad ni wa kwenye kontakti zako tu, la sivyo utaamka uko kwenye magrupu ya kutabiri mechi na ya mikopo. Ile namba ya siri ya tarakimu sita ya kufungulia WhatsApp inayokuja kwa meseji usimpe mtu, hata akijiita admini, hata awe rafiki yako wa kila siku, huenda simu yake imeshachukuliwa na mtu mwingine.

Na maneno ya watu mle ndani si mali yako. Mtu kasimulia ndoa yake au biashara yake ilivyokufa, wewe unachukua skrinshoti unaenda kuandika posti, hapana, muombe, akikataa acha. Sasa hivi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kazi Mei 2023, na ile ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa habari za uongo, kwa hiyo na ile "imetumwa kama ilivyopokelewa" usidhani inakukinga. Kama unaandika habari na matukio ulizia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wenyewe utaratibu wa leseni, maana kanuni za 2018 zimeshabadilishwa na ya kuambiwa kwenye grupu mara nyingi ni ya zamani.

Bando nalo. Zima kujipakua kwa video na picha, grupu lenye kelele liweke kimya, WhatsApp ina masaa nane, wiki, au moja kwa moja, chagua moja kwa moja halafu wewe ndo uende kuchungulia ukimaliza kuandika. Ukichungulia kwanza hutaandika, hilo nakwambia bure.

Grupu likikushinda lefti, hakuna kesi. Ila usilefti kwa hasira katikati ya ubishi ukaacha na mistari ya mafumbo, mwandikie admini pembeni, "nashukuru sana, nimepunguza magrupu nifanye kazi, nikihitajika nipo", akuelewe. Na kabla hujatoka wale uliozoeana nao waseivu kwa jina, mji na kitu anachokijua, "Mwanahamisi Pangani mapishi", "Kelvin Arusha domeini", maana ukishaondoka namba tupu hutazikumbuka, na "Juma Grupu" wanne kwenye simu hawatakusaidia chochote siku blogu imegoma.