Usidanganywe na mtego uliojaa nzi

Msimu mmoja wa ngowe, aina ya embe, chupa niliyoitundika katikati ya shamba letu la Mwakirunge kutega nzi wa matunda ilijaa nzi kwa siku nne tu. Nilifurahi mno. Wiki iliyofuata nikapasua embe lililoonekana zima, nikakuta funza weupe wanajirusha karibu na kokwa. Kumbe chambo changu cha harufu, methyl eugenol, huvuta madume peke yao. Wanaotoboa ganda na kutaga mayai ni majike, na hao chupa yangu hawakuwa na haja nayo.

Tangu hapo natega mitego ya aina mbili. Ya madume inakaa mpakani, mbali na miembe iliyozaa, maana harufu ile huwaita nzi kutoka mbali. Ya majike naiweka ndani ya shamba: chupa ya plastiki yenye matundu upande wa juu, kila moja la upana wa sentimita moja hivi, na ndani hamira iliyokorogwa kwa maji na matone ya sabuni ili nzi wazame. Itundike kivulini, kimo cha kifua au zaidi kidogo, majani yasizibe matundu. Maji hayo yabadilishe kila wiki.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni waya wa kutundikia. Upake grisi. Nisipopaka, sisimizi wekundu waitwao maji moto wanateremka na kubeba nzi. Mara moja nilikuta mbawa tupu zimebandika ukutani mwa chupa, nami nilikwishaandika daftarini kwamba shamba ni safi!

Kuhesabu ndiko kazi yenyewe. Gawanya nzi kwa idadi ya mitego, kisha kwa siku: nzi 56, mitego 4, siku 7, ni nzi 2 kwa mtego kwa siku. Hesabu ikipanda wiki hadi wiki, usingoje. Na hesabu nzi anayehusika tu: wa kahawia, mistari miwili ya manjano mgongoni, alama ya T nyeusi tumboni. Huyu ametoka Asia, akaonekana Kenya mwaka 2003.

Anza kutega embe lingali bichi, na kila asubuhi okota yaliyoanguka. Yatie kwenye mfuko mweusi wa plastiki, ufunge, uuache juani wiki mbili. Usiyatupe chini ya mti, kwani funza huingia mchangani na kutoka nzi wapya.