Maswali Yenu: Enid Blyton, Vitabu Vyake na Magazeti Yake

Swali: Nasikia Enid Blyton aliandika vitabu zaidi ya 700. Mtu mmoja anawezaje? Hakuwa na watu wa kumwandikia? *Msomaji, Morogoro*

Jibu: Mwandishi huyu Mwingereza wa vitabu vya watoto aliandika mwenyewe. Ila ujue kwamba hesabu hiyo inachanganya riwaya na vijitabu vyembamba. Hata kitabu chake cha kwanza, *Child Whispers* cha 1922, ni mashairi ya kurasa 24 tu.

Kila asubuhi aliketi na taipureta ndogo magotini, na kwa siku alipiga maneno 6,000 hadi 10,000. Hakuwa mtu wa kupanga hadithi mapema. Alimweleza mwanasaikolojia Peter McKellar, waliyeandikiana naye kuanzia 1953, kwamba alikuwa akifumba macho na kutulia mpaka awaone wahusika wakitembea na kusema, kisha anaandika anachokiona. *The River of Adventure* (1955), yenye maneno kama 60,000, aliianza Jumatatu na Ijumaa ikawa imekwisha. Udhaifu wa njia hiyo unaonekana waziwazi: mahandaki, visiwa na wafanya magendo wanajirudia kitabu baada ya kitabu.

Uvumi wa waandishi wa kukodi ulimuudhi kiasi kwamba mwaka 1955 alimfungulia kesi mkutubi mmoja aliyeueneza. Mwaka uliofuata mkutubi huyo aliomba radhi mahakamani.

Swali: Alihariri gazeti gani, na kazi hiyo ilimsaidia nini kama mwandishi? *Mwalimu wa msingi, Tanga*

Jibu: Mwalimu, hapa ndipo penye siri ya mafanikio yake. Naye alikuwa mwalimu kama wewe, aliyesomea kazi hiyo Ipswich. Mwaka 1924 aliolewa na Hugh Pollock, mhariri katika kampuni ya George Newnes ya London, na mwaka 1926 kampuni hiyohiyo ikampa *Sunny Stories for Little Folks*. Aliitwa mhariri, lakini kazi yake hasa ilikuwa kulijaza gazeti kwa kalamu yake. Mwaka 1937 jina lake likapandishwa kwenye jalada: *Enid Blyton's Sunny Stories*, gazeti la kila wiki.

Hadithi ndefu ilitoka kwanza gazetini kipande kwa kipande. Ilibidi kila kipande kijitosheleze na bado kimwache mtoto na hamu ya wiki ijayo. Barua za watoto zilimiminika, naye akajua wanapenda nini kabla kitabu hakijachapwa. *Adventures of the Wishing-Chair* ilipita njia hiyo. Isome utaona: kila sura ni safari yake, fupi, ya kusomwa mara moja kabla ya kulala. Ni umbo la gazeti lililobaki ndani ya kitabu.

Wasomaji aliwafanya kama watu wa nyumbani kwake. Alipohamia Beaconsfield mwaka 1938, wao ndio waliopewa shindano la kuipa nyumba jina, wakaiita Green Hedges.

Mwaka 1953 aliondoka Newnes na kuanzisha *Enid Blyton's Magazine*, lililodumu hadi Septemba 1959. Lilikuwa na klabu nne za kuchangia wanyama wagonjwa, watoto wasioona na watoto wengine wenye shida. Wanachama walifika kama 500,000, na kwa miaka sita walikusanya takriban pauni 35,000. Kumbuka hizo zilikuwa fedha za watoto, nyingi zikiwa senti za mfukoni.

Swali: Ni kweli mbwa wake aliendelea kuandika barua baada ya kufa? *Msomaji, Mombasa*

Jibu: Kweli. Katika gazeti la *Teachers World* alikuwa na barua kwa jina la mbwa wake, Bobs. Bobs alikufa mwaka 1935, lakini watoto hawakuambiwa, na barua zikaendelea kwa miaka kadhaa. Wapo wanaoita hilo upole. Sisi tunaona ni mhariri asiyetaka kuua safu inayosomwa.

Swali: Nataka kumnunulia binti yangu vitabu vyake vya mitumba. Nitajuaje kama maneno yamebadilishwa? *Mama, Nairobi*

Jibu: Mama, kwa *The Enchanted Wood* (1939) kipimo ni majina. Watoto wakiwa Jo, Bessie na Fanny, ni maandishi ya zamani; wakiwa Joe, Beth na Frannie, yamehaririwa. Mwalimu mkali wa hadithi hizo naye alikuwa Dame Slap, akageuzwa Dame Snap, kwa sababu kuwachapa watoto hakukubaliki tena.

Kwa *Famous Five*, mfululizo wake wa hadithi za watoto na mbwa wao, angalia ukurasa wa haki za uchapishaji. Mwaka 2010 kampuni ya Hodder ilitoa toleo lenye lugha ya kisasa. Wasomaji hawakulipenda, na mwaka 2016 ikatangaza kurudi kwenye maandishi ya awali. Vitabu ni 21. Anza na *Five on a Treasure Island* (1942), maana hapo ndipo watoto wanapokutana na George na mbwa Timmy. Vingine asome kwa mpangilio wowote.

Vya *Noddy*, mwanasesere wa mbao, vikague kabla ya kumpa. Matoleo ya zamani yana vikaragosi vyeusi vya kudhalilisha watu weusi, vilivyokuja kuondolewa katika matoleo ya baadaye.