Anza na maji: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Bwana Yesu asifiwe. Nyumbani tu wazima, mvua imeanza na baba yako yuko kwenye kahawa tangu asubuhi.

Nimeyapata maswali yako. Unasema nafasi ya msimamizi wa kitengo imetangazwa hapo ofisini Dodoma. Tangu uajiriwe wewe ndiye unayeandaa chai ya vikao na kuandika mihtasari, na waliokuja nyuma yako wamekwisha kupanda. Sasa unauliza: Mkristo akijiombea cheo mwenyewe, si ameuacha unyenyekevu? Na kama kutumika ndiyo njia ya kufanikiwa, mbona wewe njia hiyo haijakufikisha popote?

Wewe unauliza habari ya cheo. Mimi nataka kwanza tuongee habari ya chai, yaani huo utumishi wenyewe, unaufanyaje. Watu wengi wakisema unyenyekevu wanawaza sauti ya upole na kichwa kilichoinama. Kutumika ni kazi, na kazi ina vipimo. Bibi yako mzaa baba alikuwa na neno moja kwa kila shughuli, iwe msiba, ubarikio au harusi: anza na maji. Mlikuwa mnamcheka. Mimi kadiri miaka inavyokwenda naona neno hilo linatosha mahubiri mazima.

Kwenye kikao cha maandalizi watu hugombea ushereheshaji, hugombea kushika hela, hugombea kupokea wageni getini. Maji ya kunawa hayana mgombea. Kila mmoja anadhani yatakuwepo tu. Sasa piga hesabu. Mtu mmoja kunawa mara moja ni karibu nusu lita, pamoja na yanayomwagika. Wageni 200 wananawa kabla ya kula na baada ya kula, kwa hiyo unahitaji lita 200, ambazo ni madumu 10 ya lita 20, na hapo hujagusa ya kupikia wala ya kuoshea vyombo. Mgeni akinawishwa vizuri na sabuni anachukua kama nusu dakika. Mwenye jagi na mwenye beseni wakiwa jozi moja tu, wageni hao watawachukua dakika 100, na wali utakuwa umepoa. Jozi tano zitamaliza kwa dakika 20. Hesabu hiyo inafanywa kwenye kikao cha kwanza, wala si siku yenyewe watu wakiwa wamekwisha kuketi.

Maji yawe vuguvugu. Anayeyachanganya ayajaribu kwa ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono, kwa sababu vidole vya mpishi vimezoea moto na vitamdanganya. Baada ya nyama uvuguvugu unahitajika zaidi, maana maji ya baridi hugandisha mafuta mikononi. Mgeni haambiwi ainuke; anayeinama ni wewe. Beseni lifike usawa wa magoti yake, maji yaanzie kwenye vifundo ili mikono ya shati isilowe, na macho yako yasikae kwenye kucha zake. Watu wasichovye mikono kwa zamu kwenye beseni moja hata wakiwa na haraka namna gani, maana uchafu wa mmoja unakuwa wa wote, na kipindupindu hupita hapo hapo. Beseni likifika nusu limwagwe, kwa sababu likizidi hapo anayelishika huanza kuliegemeza kwa mgeni. Na limwagwe upande wa bondeni, mbali na jiko na mbali na njia, la sivyo wazee watateleza wakati wa kuondoka.

Halafu kuna wale wanaosahaulika: madereva, mpiga picha, waliokesha na sufuria, watoto waliotumwa dukani. Shughuli ikianza kuharibika huanzia kwao.

Nayaandika haya yote kwa sababu ya kipaimara cha kaka yako. Wewe ulikuwa mdogo, nadhani unakumbuka keki tu. Kamati ilikuwa na watu wa kila jambo, na kwenye karatasi ya ratiba maji hayakuandikwa. Wageni walirudi kutoka kanisani saa saba, wakaketi, mshereheshaji akaanza kuita meza kwa meza, na hakuna aliyekuwa amenawa. Bomba lilikuwa moja, nyuma ya jiko, hivyo foleni ya wageni ikaingiliana na wapishi waliobeba sufuria za moto. Ndizi nyama zikaanza kuganda mafuta juu. Bibi alikuwa meza kuu, pembeni ya mchungaji, na kitambaa chake kipya kichwani. Akanyanyuka, akajifunga kitenge kiunoni, akauliza madumu yako wapi. Yalikuwepo mawili. Akatuma vijana kwa jirani, akateleka sufuria ya maji, akawapanga mabinti wawili wawili, naye akachukua jagi.

Hapo ndipo mmoja wa kamati alipomfuata. Akamwambia mbele ya watu: mama, rudi ukae, unatuaibisha. Akamnyang'anya lile jagi, akampa binti wa kazi aliyekuwa amesimama mlangoni, mtoto wa miaka kama 14. Mwanangu, jambo hili bado linanichoma. Kama kazi ile ilikuwa aibu kwa mama mzee, ilikuwaje ikawa halali kwa mtoto wa watu? Bibi hakujibu neno. Alilichukua beseni, ambalo ndilo lenye maji machafu, akamfuata yule binti. Binti anamimina, bibi anakinga. Wakaanzia chini ya migomba walikoketi madereva, wakazunguka uwanja wote mpaka meza kuu, na kila walipofika bibi alisema, “Huyu ndiye anayewanawisha.” Kwenye neno la shukrani kamati ilitajwa mtu kwa mtu. Binti hakutajwa.

Usiku, wageni wamekwisha kuondoka, bibi alikaa na daftari akihesabu sahani. Zilizokuja, zilizorudi, vikombe vyenye ufa akaviweka kando ili mwenye navyo aonyeshwe na alipwe. Ndiyo maana sufuria za Umoja wa Wanawake zililala kwake mpaka alipofariki, na kila mlipoulizwa ufunguo uko wapi mlijibu “kwa bibi” bila kufikiri.

Sasa soma Yohana 13 ukiikumbuka siku ile. Chumbani mle maji yalikuwepo, bakuli lilikuwepo, kitambaa kilikuwepo, na wanaume wazima. Aliyekosekana ni wa kunyanyuka. Luka anasema usiku ule ule walikuwa wakibishana nani kati yao ni mkubwa. Yesu akanyanyuka chakulani, akaweka kando mavazi yake, akajifunga kitambaa. Lakini angalia mstari wa 3, ambao tunaupita haraka: alifanya hivyo akijua kwamba Baba amempa vyote, na kwamba ametoka kwa Mungu na anakwenda kwa Mungu. Aliinama huku akijijua. Na miguu ya Yuda ilikuwa miongoni mwa miguu aliyoiosha. Kisha kwenye mstari wa 12 anavaa mavazi yake, anaketi tena, anawaambia: mnaniita Mwalimu na Bwana, na mwanena vema. Cheo chake hakukikana. Aliosha miguu akarudi kwenye kiti chake.

Alhamisi Kuu ya mwaka 2013 Papa Francis, akiwa na wiki mbili tu kwenye kiti chake, alikwenda kwenye gereza la vijana la Casal del Marmo, Roma, akawaosha miguu vijana 12, wasichana wakiwemo na Waislamu wakiwemo. Sisi ni Walutheri, ila nililipenda jambo hilo, kwa sababu aliwafuata waliko. Hakuwaita waletwe kwake wapigwe picha.

Basi chai yako. Je, sukari unaiweka pembeni, ili mwenye kisukari asilazimike kujieleza mbele ya wakubwa? Mlinzi na mhudumu wa usafi inawafikia, au inaishia kwa mkurugenzi? Ikiishia kwa mkurugenzi, hiyo ni kampeni, na kampeni watu huijua hata kama hawasemi. Muhtasari uwe tayari kesho yake, kila azimio liwe na jina la mhusika na tarehe ya kumaliza, na wazo liandikwe kwa jina la aliyelitoa, hata kama ni kijana wa mafunzo na bosi amelirudia baadaye kwa sauti kubwa. Hapo ndipo unyenyekevu unapopimika, kwenye karatasi. Muhtasari unaochelewa wiki mbili hauna faida kwa mtu, hata ukiuandika kwa machozi na maombi.

Na jagi lipokezanwe. Hapa najibishana na nafsi yangu, nivumilie. Upande mmoja nasema: tumika, usihesabu. Upande mwingine nimekaa kwenye vikao vya usharika nikaona jinsi neno “unyenyekevu” linavyotolewa kwa wanawake na neno “uongozi” kwa wanaume, kisha tukaambiwa yote ni mapenzi ya Mungu. Kama ofisini chai inakuja kwako kwa sababu wewe ni mwanamke, basi huko siko kutumika kunakosemwa kwenye Injili. Kuna mtu amekupa jagi kama yule wa kamati. Omba zamu. Iandikwe ubaoni, wiki hii huyu, wiki ijayo yule, na mkuu wa kitengo naye awemo. Bibi hakunawisha peke yake. Aliwapanga mabinti wawili wawili. Utumishi usiomfundisha mwingine kutumika unawaharibu unaowatumikia.

Kwenye Matendo 6 wajane wa Wayahudi wasemao Kiyunani walikuwa wakisahauliwa kwenye chakula cha kila siku. Mitume wakataka watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Kwa kazi ya mezani! Na waliochaguliwa, Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, majina yao yote ni ya Kiyunani, ya upande ule ule uliolalamika. Hawakuambiwa wanyenyekee wanyamaze. Walipewa kazi pamoja na mamlaka ya kuirekebisha. Hilo nalitafakari sana siku hizi.

Unauliza kufanikiwa. Bibi yako aliishia darasa la nne, hakuwahi kuwa mzee wa kanisa, hakuna kamati iliyomweka kiti cha mbele. Alichokuwa nacho ni kuaminiwa: funguo, sufuria, fedha za wajane, siri za ndoa za watu. Mimi nayaita hayo mafanikio, na nadhani ndiyo ukubwa anaousema Yesu kwenye Marko 10, kwamba atakaye kuwa mkubwa awe mtumishi. Lakini nikisema bibi aliridhika, namsemea jambo ambalo mwenyewe hakulisema. Pengine alitaka kuwa mzee wa kanisa. Angeifanya kazi hiyo vizuri kuliko waliokuwepo. Hatukumuuliza, na yeye hakuomba, na usharika ukakosa.

Watu wakitaka kuwanyamazisha wenye kuomba nafasi huwatajia Yakobo na Yohana, waliotaka kuketi mkono wa kuume na wa kushoto wa Yesu. Kwa Mathayo aliyeomba ni mama yao, na mimi kama mama simcheki. Angalia lakini jinsi walivyojibiwa. Hawakufukuzwa kwa kutaka. Waliulizwa kama wanaweza kukinywea kikombe chake, yaani mateso yake. Waliokasirika ni wale kumi wengine, na nadhani wapo waliokasirika kwa kuwa wametanguliwa kuomba. Paulo naye anamwandikia Timotheo kwamba anayetaka kazi ya askofu anatamani kazi njema. Kazi, si kiti. Upande wa pili yupo Diotrefe kwenye waraka wa tatu wa Yohana, aliyependa kuwa wa kwanza mpaka akawa anawafukuza ndugu kanisani. Naye pengine alianza kwa kuomba nafasi. Kwa hiyo Maandiko hayakupi jibu la mkato, na mimi nisijifanye ninalo.

Ila jiulize kikombe cha msimamizi kina nini. Kina kumwambia rafiki yako kazi yake ni mbovu. Kina kukaa hadi usiku ripoti ya mwenzako ikamilike na jina liwe lake. Kina kulaumiwa kwa kosa la aliye chini yako na kunyamaza. Na ukikipata, nani atanawisha? Wengi wakipanda, kazi ya maji inaporomokea kwa mtoto aliyesimama mlangoni. Ukiweza kupanda huku umeshika beseni, ukamwacha mdogo amimine na jina lake litajwe, basi sioni kama utakuwa umeacha kitu.

Unaona nimekaribia kusema. Baba yako anasema nikuache uamue, wewe ni mtu mzima na umeokoka kwa imani yako mwenyewe, si kwa yangu. Nakubali kwa shida. Sitaandika “omba” wala “usiombe.” Zungumza na mchungaji wako huko, na zungumza pia na yule mhudumu wa usafi, kwa sababu yeye ameiona kazi yako kwa miaka kuliko mchungaji.

Hukuniambia maombi ya nafasi hiyo yanafungwa lini. Vyeti vyako halisi vipo kabatini kwenye bahasha ya kaki, cha kidato cha nne, cha sita na cha chuo. Baba yako anashuka Moshi mjini Jumatatu, atapitia kwa wakili nakala zigongwe muhuri, kisha atazituma kwa basi la asubuhi. Uwe na simu hewani jioni, na uende na kitambulisho cha kupokelea mzigo.

Mama yako