Kabla Hujaidai Ahadi, Soma Barua Nzima

Mpendwa mmoja ameniandikia usiku wa manane. Mwaka mzima amekuwa akisimamia Yeremia 29:11, ule unaosema Bwana anatuwazia mawazo ya amani wala si ya mabaya, kutupa tumaini. Amefunga, amekiri mstari huo asubuhi na jioni, na kazi aliyokuwa akiiombea amepewa mwingine. Anauliza: je, Mungu ameniacha, au imani yangu ni ndogo? Najua wengi wenu mna swali hilohilo, ila kanisani mnaona haya kuliuliza.

Yeremia 29 ni barua. Nabii Yeremia aliiandika Yerusalemu ikapelekwa Babeli, kwa Wayahudi waliohamishwa pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 K.K. Mstari wa 10, ulio juu kidogo tu ya ule tunaoupenda, unasema watarudishwa Babeli itakapotimiza miaka 70. Piga hesabu mwenyewe. Mtu mzima aliyeisikia barua ile ikisomwa alikuwa anaambiwa kwamba atazikwa ugenini. Ndiyo maana kabla ya hapo wanaagizwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, wauombee amani mji uliowateka. Tumaini lilikuwepo, tena la kweli, lakini wengi wangeliacha mikononi mwa wajukuu.

Rudi sura moja nyuma ukutane na nabii wa uongo, Hanania. Yeye alitabiri miaka miwili tu, na mateka wote na vyombo vya hekalu vitakuwa vimerudi. Akamvua Yeremia nira ya mti shingoni, aliyoivaa kama ishara ya utawala wa Babeli, akaivunja mbele ya watu. (Huyu angekuwepo leo, kiti usingepata kanisani kwake.) Akafa mwaka uleule, mwezi wa saba.

Nina sababu ya kulisema hili kwa ukali. Dada yangu alipougua, watu wa kikundi kimoja cha maombi walibandika karatasi ukutani kwa plasta ya hospitali, usawa wa kichwa chake: "Sitakufa bali nitaishi." Ni Zaburi 118:17. Kila aliyeingia aliisoma kwa sauti, na mgonjwa alitakiwa aitikie. Siku ambazo hakuwa na pumzi ya kuitikia, walitazamana. Mwishowe aliniomba niibandue. Nikaibandua, ikatoka na rangi ya ukuta. Akataka Warumi 8, ile mistari ya mwisho, kwamba wala mauti wala uzima hautatutenga na upendo wa Mungu. Hiyo ndiyo niliyomsomea jioni zilizobaki. Siku ya mazishi mmoja wao alinivuta pembeni akaniuliza ni nani aliyeitoa ile karatasi. Sijasahau, na sijifanyi nimesahau.

Aliyeimba Zaburi 118 alikuwa anashukuru. Mstari unaofuata unasema Bwana amemwadhibu sana, lakini hakumwacha afe. Ni ushuhuda wake. Ushuhuda wa mtu unanipa ujasiri wa kuomba, na niliomba sana, lakini haunipi hati ya kumshika nayo Mungu. Mfalme Hezekia aliugua, akaomba, akaongezewa miaka 15, akaimaliza, akafa.

Sasa, wapo waliochoshwa na mambo haya wakaruka upande wa pili: kila ahadi ni ya Israeli, sisi tusome tu historia. Hapana, hao nao siwaungi mkono. Fungua Yoshua 1. Mstari wa 3 unasema kila mahali zitakapokanyaga nyayo za miguu yenu nimewapa. Wangapi wamezunguka kiwanja cha watu wakiutamka huo! Mstari wa 4 umeshataja mipaka, tangu jangwa na Lebanoni mpaka mto Frati. Ni nchi, ina ramani. Lakini mstari wa 5 unasema, sitakupungukia wala sitakuacha, na mwandishi wa Waebrania anauchukua huohuo, 13:5, anawapa Wakristo ambao hawakuwahi kuvuka Yordani na Yoshua. Tena anawapa kama sababu ya kuwa radhi na vitu walivyo navyo na kuacha kupenda fedha. Ardhi hakuwagawia. Aliwagawia uwepo wa Mungu mwenyewe.

Hapo ndipo nilipojifunza kusoma ahadi. Iliambiwa nani? Ina sharti? Agano Jipya linaipitishaje kwa Kristo? Maana Paulo anasema ahadi zote za Mungu ni Ndiyo katika yeye, si katika sauti yangu wala siku zangu za kufunga. Hata Ibilisi aliijua Zaburi 91. Aliinukuu juu ya kinara cha hekalu akimtaka Yesu ajitupe chini, na Yesu hakuruka.

Basi mpendwa, Mungu hajakuacha, na wala hajawahi kukuahidi ile ofisi. Omba kazi, na uendelee kuzituma barua za maombi ya kazi. Ukinyimwa tena, Waebrania 13:5 itakuwa bado ni yako yote.

Na ninyi mnaotembelea wagonjwa, wapakeni mafuta, kama Yakobo alivyoagiza. Ombeni uponyaji, wengine hupona. Lakini Paulo yuleyule ambaye leso zake ziliponya watu Efeso alimwacha Trofimo, mwenzake wa safari, mgonjwa kule Mileto, akaliandika jambo hilo waziwazi bila kumlaumu mtu. Mgonjwa akishindwa kuitikia, mwacheni apumzike. Akifa, msiwahoji wafiwa.